Shangazi na Jicho la Kushoto

Ifikapo tarehe 30 Juni, saa ya kufunga kazi, Shangazi atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili katika karakana ya lenzi ya hospitali yetu ya macho, na kesho yake ataamka mstaafu. Kamati ya jarida la wafanyakazi imenipa mimi, msaga lenzi, kazi ya kuandika wasifu wake, kwa kuwa hakuna aliyekaa naye meza kwa meza muda mrefu kunizidi. Wameniomba niandike kwa ufupi. Kama walitaka ufupi, wangemtafuta mtu asiyempenda.

Nianze na jina. Wageni hushangaa kusikia hospitali nzima, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, ikimwita mtu mmoja Shangazi. Chanzo ni mpwa wake, dereva wa gari la hospitali, aliyeajiriwa kabla yake. Siku Shangazi alipoanza kazi, kijana huyo (siku hizo alikuwa kijana, leo ana kitambi cha heshima) alimwona akiingia mlangoni, akamkimbilia kumpokea mkoba huku akimwita shangazi kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Kufika mchana jina lilikuwa limeshafika jikoni. Jioni mkurugenzi wa wakati huo, ambaye angeweza kabisa kuwa kaka yake mkubwa, akajikuta anamwamkia shikamoo Shangazi. Naye akaitikia marahaba bila kupepesa macho, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kurudisha mambo nyuma.

Aliajiriwa kuwa karani wa vipimo. Kwa wasiojua kazi yetu, daktari hupima jicho na kuandika linahitaji nini, lakini mashine ya kusaga haielewi lugha ya daktari. Yenyewe inataka kuambiwa kila upande wa kioo upindwe kiasi gani. Katikati hapo pana hesabu ngumu, na hesabu hiyo ilifanywa na kompyuta moja kuukuu iliyokuja pamoja na mashine ya kusaga. Shangazi aliilisha vipimo, ikamtolea majibu, akanipa mimi, nikasaga. Tulikwenda hivyo miaka mingi kwa raha zetu.

Katika raha hizo Shangazi hakukaa bure. Kompyuta za ofisi zilipoletewa lahajedwali, zile programu za kupanga namba katika safu na mistari, wengi wetu tulizitumia kama karatasi ghali. Yeye akagundua kwamba ndani yake kuna makro, yaani unaweza kuiandikia lahajedwali maagizo yako na ikayafuata yenyewe. Kwanza alitengeneza jedwali la likizo, lililopiga king'ora kila mtu alipoomba siku ambazo ameshazila. Waliokuwa na mazoea hayo wanajijua, na mmoja wao yumo kwenye kamati ya jarida hili.

Kisha kompyuta kuukuu ikafa. Asubuhi moja ilitoa moshi mwembamba, ikalialia kidogo, ikanyamaza. Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa imeshafungwa zamani, na hakuna fundi aliyekubali hata kuifungua. Bila hesabu hatukuwa na lenzi. Uongozi ukaanza kuzungumzia kuifunga karakana na kuagiza lenzi kutoka kiwanda cha mbali, na wagonjwa wangekuwa wanasubiri miezi kwa kile tulichokuwa tukiwapa kwa siku chache. Bodi ikapanga kuamua mwisho wa mwezi. Wafanyakazi wa karakana tukaanza kutengewa idara nyingine. Mimi, na mikono hii, nilitengewa chumba cha kufulia mashuka.

Sisi wengine tulikunja mikono na kulaumu. Shangazi aliingia kwenye mabaki ya ile kompyuta, akatoa diski yake, akakuta haikuungua. Programu yenye vitufe na picha tuliyoizoea ilikuwa imeharibika, lakini ndani ya diski kulikuwa na faili moja zima, lililobeba hesabu yote ya lenzi. Mafundi wa kompyuta huliita faili la namna hiyo maktaba. Hesabu yake imeshageuzwa kuwa lugha ya mashine, kwa hiyo binadamu huwezi kuisoma wala kuifungua uone kilichomo. Unachoweza ni kuiita kwa jina, kuipa inachotaka, na kusubiri ikurudishie jibu. Shangazi akatueleza kwa utulivu wake wote kwamba makro za lahajedwali zinaweza kuita maktaba iliyo nje yake. Kwa hiyo hatuna haja ya kuijua hesabu kwa moyo, tunahitaji tu kuiita kwa adabu. Tuliitikia kwa vichwa kama watu walioelewa.

Adabu yenyewe ilimtoa jasho. Kila alipoiita maktaba, lahajedwali yote ilijifunga na kutoweka kwenye kioo cha kompyuta, bila hata kuaga. Kila ilipotoweka, Shangazi aliinuka kwenda kuweka birika la chai, akanywa kikombe kimoja amesimama dirishani, kisha akarudi kitini. Hatukuwa na haja ya kumuuliza kazi inakwendaje, tulisikiliza birika tu. Kuna siku lilichemka mpaka jikoni wakaja kuuliza kama tuna msiba.

Akaja kugundua tatizo lilipo, na alivyonieleza nitaeleza vilevile. Ukimtuma mtu, unaweza kumtajia namba yenyewe, au unaweza kumwonyesha droo iliyowekwa namba hiyo ili aende akaichukue mwenyewe. Maktaba yetu ilitaka kuonyeshwa droo. Shangazi alikuwa anaitajia namba. Maktaba ikadhani ile namba ndiyo droo, ikaenda kufungua droo isiyokuwepo, na kila kitu kikaanguka. Alipoanza kuionyesha droo, siku hiyohiyo lahajedwali ilitulia, na katika kisanduku kimoja likatokea jibu la kwanza. Sote tulikuja kuliangalia lile jibu kana kwamba ni mtoto mchanga, na dereva akasema limefanana na Shangazi.

Karakana yetu ina desturi ya tangu kale: anayegusa hesabu ndiye anayevaa miwani ya kwanza. Ukikosea, uanze kuumwa kichwa wewe kabla ya mgonjwa. Basi nikasaga lenzi za Shangazi mwenyewe, miwani nyepesi ya kusomea, akaivaa, akasoma maandishi madogo ya kwenye chupa ya dawa, akayasoma tena kwa kuyaharakisha kama anayetania. Tulipiga makofi. Mimi nilishaanza kuwasimulia watu wa chumba cha kufulia kwamba wamenikosa.

Lakini bodi isingeshawishika kwa miwani nyepesi ya Shangazi. Aliyeandika pendekezo la kufunga karakana alikuwa mhasibu mkuu wa wakati huo, na si kwa ubaya, maana mtu yule hakuwa na ubaya hata kidogo, alikuwa na hesabu tu. Yeye ndiye aliyekuwa na macho magumu kuliko yeyote hospitalini, na lenzi zake zilikuwa nene kama kitako cha glasi. Shangazi akamwendea ofisini na kumwomba akubali kutengenezewa miwani kwa hesabu mpya. Mhasibu alikubali, akaongeza kwamba akiona vizuri atalichana pendekezo lake kwa mikono yake mwenyewe mbele ya bodi, na asipoona, tusimlaumu. Hapo ndipo kila mmoja wetu alipojua kwamba kufa na kupona kwa karakana kumo kwenye jozi moja ya lenzi.

Nilizisaga kwa moyo wangu wote. Mhasibu akaja kuzivaa katika ukumbi wetu wa kupimia macho, akatabasamu, akatoka ukumbini kifua mbele mpaka juu ya ngazi, akainua mguu kukanyaga kidato ambacho hakikuwepo. Aliishia kukaa chini, palepale, na karatasi zake zikateremka ngazi zote peke yake. Watu wote wakanigeukia. Hawakunitazama usoni, walitazama mikono yangu. Nilinuna, na sioni sababu ya kuficha kwamba nilinuna vibaya sana.

Mhasibu ndiye aliyetuokoa na lawama. Akiwa bado amekaa sakafuni, aliziba jicho moja, kisha jingine, kwa utaratibu wa mtu anayekagua risiti. Akatuarifu kwamba kwa jicho la kulia hajawahi kuona vizuri namna ile tangu azaliwe, ila kwa jicho la kushoto sakafu imelala upande. Nikasaga upya lenzi ya kushoto, nikazingatia kila kitu, ikatoka ileile na sakafu ikabaki imelala upande. Daktari akampima upya jicho, vipimo vikawa vilevile. Hapo nilitangaza ukumbi mzima kwamba mikono yangu haina kosa, lakini furaha yangu haikuwa na maana, kwa sababu mkutano wa bodi ulikuwa kesho kutwa na dereva alishaanza kutuletea maboksi ya kufungashia vitu.

Shangazi hakugusa boksi. Alikaa mbele ya lahajedwali akijiuliza swali moja tu, nalo alilisema kwa sauti mpaka tukalichoka: kwa nini la kushoto? Maktaba haijui kushoto wala kulia, inajua namba tu. Kisha akaona kwamba makro yake inaanza kuhesabu jicho la kulia ndipo la kushoto, kwa sababu madaktari ndivyo wanavyoandika. Akabadilisha mpangilio, kushoto kukatangulia. Jibu la kushoto likabadilika papo hapo, na safari hii la kulia ndilo likaharibika.

Shangazi alicheka. Yeye si mtu wa kucheka kazini, lakini siku ile alicheka mpaka watu wa dirisha la dawa wakachungulia. Kosa halikuwa la jicho lolote, lilikuwa la yeyote anayefuata wa pili. Maana mtu uliyemwonyesha droo anaweza kuchukua kilichomo, na anaweza pia kuweka kitu. Maktaba ilikuwa inafungua droo yenye namba ya kioo, yaani ile inayosema kioo kinapinda nuru kiasi gani, inairekebisha kidogo kulingana na unene wa lenzi, halafu inairudisha droani ikiwa imesharekebishwa. Jicho la kwanza lilikuta droo safi. La pili lilikuta mabaki ya mwenzake, na mabaki yakarekebishwa tena juu ya marekebisho. Kwa lenzi nyepesi kama za Shangazi tofauti ilikuwa ndogo mno, jicho halikulalamika. Kwa lenzi za mhasibu tofauti ilikuwa kidato kizima cha ngazi.

Dawa yake ilikuwa kuijaza droo upya kwa namba halisi kila kabla ya kuita. Mstari mmoja wa makro. Niliuona kwa macho yangu, ni mfupi kuliko jina langu.

Siku ya bodi, wajumbe walikuwa wamesimama chini ya ngazi wakisubiri mlango wa ukumbi wa mikutano ufunguliwe, na mhasibu akatokea juu na miwani mpya. Akashuka. Alipofika chini aligeuka akapanda tena, kisha akashuka mara ya pili bila sababu yoyote ya kikazi, mikono mfukoni, kama mtu anayetembea bustanini. Sisi wa karakana tulikuwa tumejipanga kwenye korido roho juu juu, na dereva alikuwa amenishika mkono bila kujua. Mhasibu alilichana pendekezo kabla mkutano haujafunguliwa, na kwa kuwa ni mtu nadhifu aliziokota karatasi zote akazitia kwenye pipa. Karakana ikabaki. Maboksi tuliyatumia kuwekea vioo, na moja lipo mpaka leo chini ya meza yangu.

Tangu siku hiyo kazi ya Shangazi imetoka nje ya kuta zetu. Karakana za hospitali nyingine zilizokuwa na mashine kama yetu, na zenyewe zimeachwa yatima na kampuni ileile, zilituma watu wao wakajifunze kwake, na leo wanatumia lahajedwali yake. Lenzi ambazo zamani tuliogopa hata kuzitaja, zile za kuonea mbali na karibu katika kioo kimoja, sasa tunazitoa bila jasho. Na desturi yetu ilibadilika kidogo. Anayegusa hesabu bado anavaa, lakini jozi ya mwisho ya majaribio huvaliwa na mwenye macho magumu kuliko wote humu ndani. Mhasibu aliishika nafasi hiyo kwa fahari mpaka alipostaafu, akawa anapita kila mara kutuuliza kama hakuna chochote kilichobadilika kinachohitaji yeye apate miwani mpya.

Nani asiyejua masharti ya Shangazi? Kikombe hakikaribii kibodi. Makro haiandikwi bila maelezo ya Kiswahili juu yake. Na juu ya ule mstari maarufu ameandika: Jaza droo upya, usiulize kwa nini, njoo nikuonyeshe. Maneno hayo yameshatoka kwenye kompyuta yakaingia midomoni mwetu. Wauguzi wakigombana na kupatana huambiana wajaze droo upya. Nimesikia hata mkurugenzi wa sasa akilisema hilo kwa mkewe kwenye simu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika wasifu huu. Mwaka jana kompyuta zote zilibadilishwa, na lahajedwali mpya ikakataa katakata kuipokea maktaba yetu. Maktaba ni ya mtindo wa zamani, lahajedwali ni ya mtindo mpya, hazikai nyumba moja. Sote tulimgeukia Shangazi kama kawaida yetu. Yeye akaweka mikono nyuma ya mgongo, akatuambia kazi ile ni ya mtunza stoo.

Mtunza stoo, baba wa watu mwenye mvi kidevuni, amekuwa mwanafunzi wake wa makro kwa miaka kadhaa, wakati wa mapumziko ya mchana. Alitaka kukataa. Shangazi alimweleza wazi, na sisi tukisikia, kwamba yeye anaogopa. Haogopi kustaafu, anaogopa asije akaondoka na karakana ndani ya mkoba wake. Kama haiwezi kusimama bila yeye, basi ile siku ya bodi tuliahirisha tu kufungwa. Alisema anataka kuiona ikisimama akiwa bado yupo, na kwamba hatamsaidia hata kwa herufi moja. Sijawahi kumwona mtu akipata taabu kama aliyopata yeye kwa kukaa kimya.

Birika likarudi kazini, safari hii mikononi mwa mtunza stoo. Lahajedwali ilitoweka, ikarudi, ikatoweka. Hatimaye akaja na njia yake mwenyewe: akaandika programu ndogo ya mtindo wa zamani inayoishi nje pamoja na maktaba, kama karani wa kati. Makro humpa karani namba, karani huiita maktaba, kisha hurudisha jibu. Nikasaga. Mtunza stoo akavaa jozi yake ya kwanza, akasema anaona vizuri. Ikabaki jozi ya mwisho, ya mwenye macho magumu kuliko wote humu ndani. Na tangu afanyiwe upasuaji wa macho mwaka juzi, mtu huyo ni Shangazi.

Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, akavaa, akaziba jicho la kulia. Alianza na la kushoto, bila shaka. Alisoma ubao wa herufi mpaka mstari wa mwisho, halafu akasoma na jina la mpiga chapa lililo pembeni chini, ambalo mimi nilidhani ni vumbi. Mtunza stoo alikuwa amelowa jasho mgongo mzima. Shangazi akainuka, akatoka ukumbini, akaenda kwenye ngazi. Akashuka. Akapanda. Akashuka tena bila sababu yoyote ya kikazi, na alipofika chini alimwita mtunza stoo na kumwambia kwamba droo yake ni safi.

Kisha alirudi mezani kwake akalia, na alipoulizwa alijibu waziwazi kwamba ni furaha, tumwache alie. Tulimwacha. Mimi mwenyewe nilikuwa na vumbi la kioo machoni, jambo la kawaida katika kazi yangu.

Wasifu huu nilimpa ausome kabla haujapigwa chapa. Ameusoma kwa miwani hiyohiyo, akiwa ameziba jicho la kulia ili kunikomoa, akanirudishia na makosa ameyazungushia duara. Nimeyasahihisha yote isipokuwa pale aliponitaka nifute sifa zake.

Shangazi, kwa niaba ya karakana, madaktari, wauguzi, mpwa wako mwenye kitambi, na kila aliyeshuka ngazi salama kwa sababu yako, tunakushukuru kutoka ndani ya mioyo yetu. Tarehe 30 utashuka ngazi zetu na mkoba wako, na ndani yake kutakuwa na miwani yako na kikombe chako cha chai, basi. Karakana umeiacha huku, imesimama. Tunakuombea afya, usingizi mzito wa asubuhi, na maisha mema kwa macho yote mawili.